Mtu kachomoa waya wa chaja yangu mbele ya watu 40 na kuniita tapeli, kisa skrini nyeusi!

Ngalawa64 (mleta uzi)

Wakuu, leo sina salamu. Naandika kwa simu nikiwa ndani ya basi, Morogoro narudi Dar, mikono inatetemeka, laptop nimeipakata kama mtoto aliyetoka kuchomwa sindano.

Jamaa mnamjua. Sina haja ya kumtaja. Yule wa suti ya bluu na kalamu ya leza, wa "kimsingi" kila baada ya maneno matatu, ambaye nchi hii haiwezi kufanya semina ya usalama wa mtandao bila yeye kuwa wa kwanza kwenye foleni ya kuku. Huyo huyo.

Amechomoa waya. Wakuu, KACHOMOA WAYA.

Semina ilikuwa ya siku mbili, yeye ndiye mwezeshaji, sheria ya makosa ya mtandao kwa watumishi wa kawaida: walimu, wahasibu, makarani wa masjala. Mimi nilikaa meza ya nyuma kabisa jirani na soketi, kwa sababu betri ya ThinkPad yangu ya 2012 ilishakata roho zamani. Ukichomoa waya inazimika papo hapo, kama umepuliza kibatari. Hoteli ina Wi-Fi ya bure. Sasa mtu anayenunua bando la kuhesabu MB akikuta Wi-Fi ya bure afanye nini, aitazame? Nikafungua terminal, ile skrini nyeusi ya kuandikia amri, nikaanza kuihamisha mashine kutoka Debian 12 kwenda Debian 13. Debian ni mfumo endeshi wa bure, mmoja wa jamii ya Linux. Toleo hilo limetoka Agosti 2025, nimelitamani tangu siku ile, lakini mzigo wake wa kupakua unazidi GB moja na mimi sina ukwasi huo.

Kupakua kukaisha salama. Ikaanza kusimika. Mnaojua mnajua: herufi nyeupe zinateremka kwenye weusi, chini kabisa kuna ule mstari wa asilimia unajaa polepole. 58. 59. Nikawa nasikiliza mada huku jicho moja liko pale. 60.

Nikahisi mtu nyuma yangu. Kasimama. Maiki iko kwenye kola, kwa hiyo hata pumzi yake ilisikika kwenye spika za ukumbi mzima.

"Kimsingi ndugu washiriki, tangu asubuhi tunawazungumzia wadukuzi, kumbe tumekaa nao. Hawa ndio wale wa *ile hela tuma kwenye namba hii*."

Ukumbi ukacheka. Akainama. Akachomoa waya.

Asilimia 61.

Kulia kwangu alikaa mama mmoja mwalimu, mtu mzima, asubuhi tumekula chapati pamoja, ananiita mwanangu, kanionyesha mpaka picha ya mjukuu. Alichukua mkoba wake mezani, akauhamishia upande wa pili, mbali na mimi. Akafunga na zipu. Nilisikia ile zipu mpaka mwisho wake.

Wakuu, mimi sijawahi kuiba hata kalamu ya ofisi. Nina miaka 11 kazini. Na leo mama wa watu kanifungia zipu kama tuko kwenye daladala saa mbili usiku!

Na hapo kwenye projekta, muda ule ule anaochomoa waya, slaidi yake imeandikwa kwa herufi za ukubwa wa bango la uchaguzi: SASISHA MFUMO WAKO MARA KWA MARA. Nilikuwa nafanya nini mimi? Nilikuwa nacheza bao? Nilikuwa nasasisha mfumo! Kati ya watu 40 mle ndani, mimi peke yangu ndiye niliyekuwa natekeleza mada! Na pembeni chini kulia ya slaidi hiyo hiyo kuna yale maandishi ya kijivu, "Activate Windows". Yaani anayefundisha sheria anatumia Windows ambayo haijalipiwa, na bado ni Windows 10, ambayo wenyewe walishaacha kuihudumia tangu tarehe 14 Oktoba 2025. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu 1999. Mimi mfumo wangu nimepewa kwa leseni inayoniruhusu kuutumia, kuufungua niuone ndani na kumgawia jirani. Sasa tapeli ni nani kati yetu?

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 nimeisoma, siyo kusimuliwa. Kifungu cha 4 kinazuia kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila ruhusa. Ile ni kompyuta yangu, nimeinunua Kariakoo kwa pesa yangu, ruhusa naiomba kwa nani? Kifungu cha 9 kinahusu kuingilia na kukwamisha mfumo wa kompyuta wa mtu. Aliyeukwamisha mfumo pale ukumbini ni mimi au ni aliyeshika waya?

Skrini nyeusi siyo kosa. Linux ameianzisha Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, na leo kiini chake ndicho kilichomo ndani ya kila simu ya Android, pamoja na ile aliyokuwa anachati nayo jamaa wakati washiriki wanawasilisha kazi za vikundi. Kompyuta 500 zenye nguvu kuliko zote duniani, orodha ya TOP500, tangu Novemba 2017 zote zinaendeshwa na Linux. Askari wa Gendarmerie kule Ufaransa wana Linux yao kabisa ya aina ya Ubuntu, inaitwa GendBuntu. Polisi! Anayekamata wezi anatumia, mimi nikitumia nimekuwa mwizi? Na hapa kwetu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kwenye mradi wa Kilinux, wakatoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004. 2004! Jamaa alikuwa hajajua hata kufunga tai.

Nilipomwambia "Mheshimiwa, ile ilikuwa apdeti," akajibu, kwa maiki, "Kimsingi wote husema hivyo."

Nimeiwasha mapokezi wakati nasubiri bodaboda. Inaleta kernel panic, yaani kiini cha mfumo kimeshindwa kuwaka. Imegoma katikati, haiko 12, haiko 13. Asilimia 61.

Nimemaliza. Hapana, sijamaliza. Ile zipu, wakuu.

---

KisuButu
Nimevuta kigoda. Karanga ziko wapi.

---

Nyamagana Juu
Mkuu pole, lakini tuambizane ukweli. Unapandisha toleo ZIMA la mfumo endeshi, betri marehemu, meza ya nyuma, semina ya watu, halafu unamlaumu mtu wa suti? Umeme ungekatika ungemfungulia uzi nani? Mhudumu wa hoteli akijikwaa kwenye huo waya na birika la chai je?

---

Ngalawa64
@Nyamagana Juu umeme ukikatika hauniiti tapeli mbele za watu. Mhudumu akijikwaa anasema samahani. Huyu aliinama kwa makusudi, akaushika waya kwa vidole viwili kama mtu anayeokota panya aliyekufa, akachomoa. Na watu wakacheka.

---

fundi_mzizima
Mleta uzi usilie, hiyo inapona. Tafuta flashi, tengeneza Debian ya kuwashia, ukishawaka unganisha diski yako, ingia ndani yake kwa amri ya chroot halafu andika

dpkg --configure -a
apt --fix-broken install
update-initramfs -u

Ile panic ni kwa sababu initramfs, lile faili la kuanzia kuwasha kiini kipya, halikuwahi kutengenezwa. Na kabla ya hapo, kwenye menyu ya kuwashia jaribu kuchagua kiini cha zamani, huenda kikawaka bila hata flashi. Mafaili yako kwenye /home hayajaguswa. Nimewatibu wengi wa hivi.

---

Ngalawa64
@fundi_mzizima Mungu akubariki, nikifika nyumbani nitafanya hivyo. Lakini mafaili siyo hoja yangu. Hoja yangu ni mkoba. Kiini cha zamani kitawaka, yule mama nitampata wapi nimweleze?

---

Kandambili Dokta
Chai hii. Haina hata sukari. Mwezeshaji gani anachomoa waya wa mshiriki?

---

Chonjo wa Mikumi
Siyo chai. Namjua. Mwaka jana alikuja kwetu, akaona kijana kabandika plasta kwenye kamera ya laptop, akamuuliza mbele ya watu "unaficha nini?" Kijana alikuwa anafuata kipeperushi alichogawa jamaa MWENYEWE asubuhi. Kimsingi.

---

KisuButu
Kimsingi 😂😂😂

---

Mwana wa Mnanasi
Ungekuwa unatumia Linux ya Mint haya yasingekupata. Ina madirisha mazuri ya rangi, mtu akipita anadhani ni Windows. Nyie wa Debian mnapenda kujionyesha na hiyo terminal.

---

fundi_mzizima
@Mwana wa Mnanasi Mint imejengwa juu ya Ubuntu, na Ubuntu imetoka kwa Debian. Unamtukana babu yako.

---

Mwana wa Mnanasi
Babu abaki kijijini. Mimi nataka Wi-Fi ikubali siku ya kwanza.

---

Saida_Tanga
Jamani mleta uzi kadhalilishwa nyie mnagombania Mint. Pole sana kaka. Ila na mimi niseme la kwangu. Nina laptop ya i5 kizazi cha 7, haina mkwaruzo, RAM 16. Nimeipeleka dukani, kijana ananiambia dada hii itupe, Windows 11 haiikubali, inataka kuanzia kizazi cha 8 na TPM 2.0, sijui chipu ya usalama. Nitupe? Kifaa kizima? Alishaanza kunionyesha mpya wakati ya kwangu bado iko mkononi kwake imewaka!

---

Chonjo wa Mikumi
@Saida_Tanga huyo wa duka akiichukua hiyo "mbovu" kesho utaikuta kwenye kabati la vioo imefutwa vumbi, ina bei. Usimwachie. Weka Linux, inakaa miaka mingine 5.

---

Nyamagana Juu
Halafu aende nayo semina 😂

---

Pwani_Imara
Sisi huku Mombasa mambo ni yayo kwa yayo. Rais ametia saini yale marekebisho ya sheria ya makosa ya kompyuta na mitandao tarehe 15 Oktoba 2025, siku ile ile aliyofariki Baba, Raila. Watu wanalia, wengine wako barabarani, kalamu huku inafanya kazi. Tulipoinua vichwa, sheria ishapita. Wewe umechomolewa waya mmoja, sisi tumechomolewa mita nzima.

---

Ngalawa64
@Pwani_Imara pole sana ndugu yangu, na msiba pia. Lakini wakuu turudi kwenye waya. Kuna mtu anajua pa kupeleka malalamiko juu ya mwezeshaji? Nataka aombe radhi kwa maiki ile ile.

---

Mlevi wa Data
Tukiwa kwenye sheria, mnakumbuka Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walipotoa tangazo kwamba wanaotumia VPN, ile njia ya faragha ya kupita mtandaoni, wajisajili, mwisho tarehe 30? Ofisini kwetu tunaingia kwenye mfumo wa makao makuu kwa VPN, ndiyo kazi yenyewe. Bosi akaingiwa na hofu akaamuru zizimwe zote. Siku tatu hatukufanya kazi, tunaangaliana tu kama ndege kwenye waya. Mshahara wa mwezi ule ulichelewa, na mpaka leo ukitamka VPN mhasibu anashika kifua.

---

KisuButu
Waya tena. Uzi huu una laana ya waya.

---

Mama Kijiko
VPN nini bwana. Mimi kilio changu ni bando kufa saa sita usiku. Nimenunua jioni, nimetumia robo, nimelala, asubuhi sifuri. Unga nikinunua kilo mbili nikala kikombe, kesho unga unakuwepo. Hizo MB zangu zinakwenda wapi usiku? Nani anazila?

---

Mlevi wa Data
@Mama Kijiko nunua la wiki.

---

Mama Kijiko
La wiki linakufa Jumapili jioni. Ni kifo kile kile, msiba tu mrefu.

---

Saida_Tanga
Mama Kijiko umenena. Anzisha uzi wake, huu usipotee.

---

Ngalawa64
Wakuu nimefika. Nimechagua kiini cha zamani kama alivyosema fundi, kimewaka. dpkg inamalizia sasa hivi, 74. Ahsante fundi. Lakini nawaambia hivi, nikiangalia hiyo asilimia inavyopanda, kila namba nasikia zipu. Nimeandika barua ya ukurasa mmoja kwa walioandaa semina. Nani anisomee kabla sijatuma?

---

Kandambili Dokta
Uzi bila picha. Weka picha ya hiyo "Activate Windows" ndiyo tuamini.

---

Ngalawa64
@Kandambili Dokta ninayo, nilipiga wakati wa mapumziko. Sitaiweka kwa sababu sura yake inaonekana na mimi siyo mtu wa kumwanika mwenzangu. Nitaiambatanisha kwenye barua.

---

Nyamagana Juu
Hapo umemshinda utu. Nitumie hiyo barua inbox, nimewahi kuwa katibu muhtasi.

---

Baba Zuhura
Habari wakuu. Samahani kwa kuingilia, naona humu kuna mafundi. Printa yangu ya HP inachapa ukurasa wa kwanza vizuri, wa pili inatoa mistari, wa tatu inatoa karatasi nyeupe kabisa. Natumia Ubuntu. Tatizo ni wino au ni Ubuntu?

---

Mwana wa Mnanasi
Ni Ubuntu. Weka Mint.

---

fundi_mzizima
Ni wino. Baba Zuhura usimsikilize huyo. Katriji umejaza mwenyewe kwa sindano au ni mpya?

---

Baba Zuhura
Kwa sindano.