Kumuuguza mgonjwa wa kiharusi nyumbani: kumgeuza, kumlisha, na anayeuguza kupata usingizi

Binti_Muheza
Wakuu, habari za humu. Naomba wenye ujuzi wa kuuguza nyumbani mnisaidie. Mama ana miaka 71, amepata kiharusi, upande wa kulia umepooza. Ana kilo kama 78. Analalia godoro la sponji la inchi 6, na juu kidogo ya makalio ngozi imeanza kuwa nyeusi kuliko kawaida, ila haijachubuka. Chai na maji vinampalia. Mchana niko naye peke yangu, mdogo wangu anarudi jioni. Nimgeuzeje bila kuvunja mgongo wangu, hiyo ngozi niifanyeje, na nyie mnaouguza muda mrefu mnapata wapi moyo? Maana kila anayekuja kumjulia hali ananiambia "jikaze", halafu anaaga.

Nesi_Mstaafu
Pole kwa kuuguza, mwanangu. Nianze na ngozi, hiyo haisubiri. Kwa ngozi nyeusi usitegemee kuona wekundu. Pagusie kwa mgongo wa vidole, ulinganishe na ngozi ya pembeni. Pana joto zaidi? Pamekuwa pagumu, au pamelainika isivyo kawaida? Anakunja uso ukimgusa? Ukiona hivyo, na weusi hauondoki baada ya nusu saa ya kutopalalia, kidonda kimeshaanza kwa ndani. Mfupa unaibana nyama kwenye godoro, damu haipiti, na nyama iliyo jirani na mfupa ndiyo inayoumia zaidi. Ndiyo maana kidonda cha kulala kikipasuka, tundu la juu huwa dogo kuliko shimo lililo chini yake.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kutopalalia kabisa, si kupaka kitu. Msipasugue wala kupakanda. Wageni hupenda sana kushauri kukanda, na kukanda kunazidi kuumiza nyama ambayo tayari imekosa damu. Spiriti na dawa kali za kuulia vijidudu weka mbali. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, kausha kwa kugusagusa na kitambaa, usifikiche, kisha paka mafuta ya mgando kidogo. Poda hapana, inagandamana kwenye mikunjo. Pampasi ikilowa ibadilishwe hapohapo, kwa sababu ngozi iliyolowana huchubuka upesi.

Godoro lipime hivi: mama akiwa amelala chali, pitisha kiganja chini ya godoro usawa wa makalio. Ukihisi mfupa umekukalia mkononi, hiyo sponji imekwisha, badilisheni. Na lile pete la mpira lenye tundu katikati msinunue, linabana damu kuzunguka tundu lote.

Ikichubuka, safisha kwa maji ya chumvi (kijiko cha chai kimoja cha chumvi, kilichosawazishwa, kwa nusu lita ya maji yaliyochemka na kupoa), funika kwa gozi safi, umwonyeshe mhudumu wa afya. Gamba jeusi, usaha, harufu au homa: hospitali siku hiyohiyo.

Fizio_Moro
Naongezea ya kumgeuza. Tuseme unamlaza ubavu wa kushoto, ule mzima. Simama upande wa kushoto wa kitanda, kwa sababu unamvutia kwako, humsukumi. Mkono wake wa kulia uweke juu ya kifua. Kunja goti lake la kulia mpaka unyayo ukanyage godoro. Kiganja chako kimoja kiwe nyuma ya bega lake, kingine nyonga. Mwambie "tunageuka sasa", kisha hamisha uzito wako kutoka mguu wa mbele kwenda wa nyuma, naye atakuja. Nguvu itoke miguuni.

Usimvute kwa mkono uliopooza, hata siku moja! Misuli ya bega hilo imelegea, mfupa unashuka kwenye maungio yake, na maumivu yake hukaa miezi. Kila alalavyo, mkono huo uwe juu ya mto.

Akishageuka, mto mmoja nyuma ya mgongo ili aegemee. Usimlaze ubavu kamili maana atakalia mfupa wa nyonga. Digrii 30 zinatosha, yaani theluthi ya safari kutoka chali hadi ubavu. Mto mwingine kati ya magoti. Akiwa chali, mto uwe chini ya mashavu ya miguu, visigino vining'inie bila kugusa shuka. Visigino husahaulika hadi vioze.

Kumpandisha juu kitandani usijaribu peke yako, kilo 78 si mchezo. Kunja shuka mara mbili, ilaliwe kuanzia mabega hadi mapajani. Msubiri mdogo wako: kila mtu upande wake, kunjeni kingo za shuka hadi karibu na mwili, hesabuni hadi tatu, mtelezesheni. Kitanda kikiwa cha chini weka goti moja juu ya godoro badala ya kuinama. Kukiinua kwa matofali yaliyopangwa sikushauri, yanateleza.

Mama_Lishe
Kuhusu kupaliwa: vinywaji vyepesi ndivyo hatari, vinapita koo kabla njia ya hewa haijajifunga. Mpe uji mzito unaodondoka polepole kwenye kijiko, mtindi, ndizi iliyopondwa. Akae wima kabisa, kidevu kielekee kifuani kidogo, kijiko cha chai kisichojaa, upande wa kushoto wa mdomo. Subiri ameze ndipo uongeze. Mwisho pitisha kidole chenye gozi ndani ya shavu la kulia, chakula hujificha humo bila yeye kuhisi. Abaki wima nusu saa. Sauti ikiwa ya majimaji baada ya kumeza, simamisha. Homa na kupumua haraka baada ya kupaliwa si vya kusubiri kesho. Na ombeni apimwe umezaji hospitali.

Binti_Muheza
Asanteni mno. Shikamoo Nesi. Hospitali walisema nimgeuze kila saa mbili. Hata usiku? Na lile la moyo naona mmelikwepa!

Nesi_Mstaafu
Marahaba. Mchana saa mbili ishike. Usiku, kwenye godoro zuri, wengi huvumilia saa nne: mgeuze saa 5, saa 9, kisha saa 1 asubuhi. Kipimo ni ngozi ya asubuhi. Kwa sasa lakini, kwa huo weusi, usimlaze chali kabisa, zungusha kulia na kushoto, na shikilia saa mbili mpaka upungue. Zamu za usiku mpe mdogo wako nusu yake. Mtu asiyelala ndiye anayevuta mgonjwa kwa mkono.

Lile la moyo: fungua daftari. Saa, ubavu aliolalia, vikombe alivyokunywa, mkojo, choo, na kila Jumapili upana wa weusi kwa rula. Ukiona sentimita 4 zimekuwa 3, utajua kazi yako inafika mahali, na hilo hakuna mgeni atakayekuambia. Daftari linasaidia pia kwa hao wa "jikaze". Usiwaulize nani atasaidia. Mwonyeshe shangazi ukurasa, umwambie: "Jumamosi saa 8 hadi saa 12 ni yako." Wewe utoke nje ya nyumba, si kufua.

Famasia_Mtaani
Moja limebaki. Kama anapaliwa na mnamsagia vidonge, leteni vyote duka la dawa kwanza. Vya presha vinavyoyeyuka polepole, mfano nifedipini ya namna hiyo, vikisagwa dawa ya siku nzima inaingia kwa mkupuo na presha inaporomoka. Daktari anaweza kubadilisha aina.