Naomba ushauri: treni ya bati ya babu inaliwa na kutu

Wakuu, habari za leo. Niko Mikindani, Mtwara. Babu, aliyefanya kazi reli ya Nachingwea, ile iliyojengwa kubeba karanga, mpaka ilipofungwa 1962, aliniachia treni ya bati ya kuchezea ya Hornby (kampuni ya Uingereza), ile inayojazwa kwa ufunguo kama saa ya zamani. Ikianza kukimbia mezani, watoto wa mtaa wanajaa barazani. Za plastiki hazina raha hiyo kabisa!

Nataka niwatengenezee meza kubwa ya reli, kituo cha Nachingwea kikiwemo. Tatizo chumvi ya bahari: kutu imeanza kwenye kingo za behewa, pale rangi nyekundu ilipobanduka. Nipake mafuta ya cherehani, au yataharibu rangi? Na reli zake, zenye nafasi ya milimita 32 kati ya reli mbili, fundi bati ataweza kuzikunja?