"Extend" ndani ya teksi ni nini jamani?

Mshona Nguo: Habari zenu. Nimetoka Mwanza, huu mwezi wa tatu nashona hapa soko la Nakawa, Kampala. Jana kwenye teksi, ndiyo daladala ya huku, dada mmoja kaniambia "extend". Kamusi inasema kurefusha, basi nikanyoosha miguu! Gari zima likacheka. Na kila apitaye kwenye cherehani yangu asubuhi ananiambia "well done", wakati hata pindo sijamaliza. Wananikejeli?

Mzee wa Jinja: Pole binti. "Extend" ni sogea, mwenzako akae. Siku nyingine mtazame mkono, utauona unakusukuma pembeni kabla hujafungua kamusi. "Well done" ni "gyebale" ya Kiganda, yaani pole na kazi. Itikia tu.

Mama Pacha: Mimi waliponiambia "you are lost" nikaanza kuwaelekeza njia ya kwangu 😂 Kumbe ni "umepotea sana" yetu ileile! Ila usimwambie Mwingereza wa London, atatafuta ramani.

Mshona Nguo: Shikamoo mzee, ahsanteni. Sasa nimeelewa na "you first wait" ya mteja wangu: subiri kwanza. Wiki nzima nilikuwa nangoja aniambie la pili.