"Deni ni namba tu": huyu mzee nani anamwalika kila wiki?

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka, herufi zikikosewa mtanisamehe.

Ni yule yule. Mnamjua. Mzee wa tai nyekundu, hakuna kipindi cha uchumi kwenye runinga asichokuwemo, utadhani analala studio. Leo wamefungua simu, nikapiga, nikauliza kwa adabu zote: hizi pesa serikali inazokopa kila mwaka, kiasi gani kinajenga kitu cha kuzalisha, na kiasi gani kinalipia mishahara na riba ya mikopo ya juzi? Akacheka. Kicheko cha tumbo, mpaka maiki ikakoroma. Kisha: "Deni ni namba tu, mama. Tulia." Nikakatwa.

Namba tu! Na homa ya nyuzi 41 nayo ni namba tu, mwambieni alale nayo.

Akaendelea peke yake: Japani deni limepita mara mbili ya pato la taifa, mbona wanadunda? Nikabaki nabishana na kioo. Mzee, Japani inakopa kwa yeni, na sehemu kubwa wanadaiana wenyewe kwa wenyewe! Sri Lanka ilikopa dola nyingi, 2022 dola zikakauka, ikasimamisha malipo ya madeni ya nje. Bandari yao ya Hambantota ilijengwa kwa mkopo, meli zikawa za kuhesabu, 2017 ikakodishwa kwa kampuni ya Kichina miaka 99. Hiyo 99 nayo ni namba tu?

Sijasema nchi isikope. Kopa ujenge umeme, lakini usijenge mtambo wa miaka 30 kwa hatifungani (hati ya mkopo wa serikali) inayoiva, yaani kudaiwa yote, baada ya miaka saba. Hilo tu ndilo nilitaka kusema. Nikaambiwa TULIA. Mimi! Nchi nzima inasikia!

Bakora Kavu: Povu lote hili kwa simu ya nusu dakika? Tulia, mama.

Mwana Hesabu: Hoja unayo, ila Uingereza mkopo wa Marekani wa baada ya vita kuu ya pili wamemaliza kuulipa 2006. Deni refu si dhambi.

Mleta uzi: Nani kasema dhambi? Soma tena! NAMBA TU, kasema yule!

Msomaji Kimya: Nimekaa siti ya mbele.

Fundi Koleo: Tuache ya serikali. Shemeji yangu ana pesa yangu tangu mwaka juzi. Nikimdai ananiita "mwekezaji wangu".

Bakora Kavu: Afadhali wako anapokea simu. Wangu kanibloku, halafu kapost gari jipya.

Mwana Hesabu: Huyo shemeji ulimkopesha kwa yeni?

Mleta uzi: Jamani, tulikuwa tunaongelea deni la taifa...

Fundi Koleo: Gari rangi gani? Isije ikawa ni shemeji mmoja.

Bakora Kavu: Nyeupe. Njoo inboksi haraka.