Rondo: msitu upo au imebaki miti tu?

Mtama Kwetu: Wadau, nawaletea ubishi wa kijiweni. Jamaa kashikilia kwamba Rondo, ule msitu wetu wa Lindi, imepona, ati picha ya satelaiti inaonyesha kijani kitupu. Mimi nasema sehemu kubwa ya kijani kile ni mitiki ya kupandwa, mvule wenyewe ulishaondoka. Miti ipo, msitu ndio umekwenda. Semeni.

Fundi Mbao: Mvule waliumaliza Waingereza na mradi wao wa mashamba ya karanga enzi za ukoloni. Leo fundi akikutwa na ubao mmoja anaitwa mharibifu.

Mwalimu Mstaafu: Karanga ilikuwa Nachingwea, 1947 hadi 1951, na kule walifyeka miombo kwa matingatinga. Rondo walifuata mbao, habari nyingine kabisa. Na mvule una tabu yake: mche wake unataka jua, halafu ukiupanda peke yake shambani anakuja mdudu mdogo anavimbisha machipukizi mpaka yanaoza. Mtiki hauna makuu hayo, ndiyo maana ukapewa nafasi.

Korosho Mzalendo: Mnalilia mvule wa nini? Njooni Newala muone mikorosho, kijani mwaka mzima. Ninyi wa Lindi kila msimu mnafyeka pori jipya mpande ufuta, halafu mnauliza msitu kaenda nao nani.

Mtama Kwetu: Ufuta umeingiaje hapa? Na tangu lini shamba la korosho likawa msitu? Chini ya mkorosho mnalima na kufagia mpaka jani la mwisho ili korosho ikianguka ionekane. Hapo hata panya akipita anajiona yuko uchi.

Bi Somoe: Hajataja salfa huyo, ile dawa ya unga wanayopulizia mikorosho. Ikifika Juni naanika nguo asubuhi, jioni nazianua zinanuka kibiriti.

Korosho Mzalendo: Dada, salfa hiyo ndiyo imejenga nyumba unayoanikia nguo.

Bi Somoe: Nyumba kajenga marehemu baba kwa uvuvi. Usinijue kwa kukisia.

Mwalimu Mstaafu: Mkorosho wenyewe mgeni, asili yake Brazili, umeletwa na Wareno. Uwanda wa Makonde ulikuwa vichaka vizito, watu wakijificha humo adui hapiti. Leo vimebaki vipande vipande.

Korosho Mzalendo: Muhogo nao umetoka hukohuko, Mwalimu. Kesho usile.

Mtama Kwetu: 😂😂 Mwalimu kapatikana.

Kijana wa Litipo: Jamani, swali lilikuwa Rondo. Kuna komba wa pale, kiumbe cha gramu 60 hivi, wataalamu wamemtambua rasmi miaka ya 1990. Anaishi kwenye vichaka vya chini ndani ya msitu wa asili. Mtiki kiangazi unapukutisha majani yote, yanakauka kama karatasi, moto ukishuka hapo hauachi kichaka. Kwa satelaiti ni miti, kwa komba ni jangwa.

Fundi Mbao: Komba hajawahi kuniagiza kitanda hata siku moja.

Kijana wa Litipo: Haya, tuache komba. Mkongo unaupata?

Fundi Mbao: Hapo umenigusa. Zamani ubao wa mkongo ulikuwa mpana, kizingiti na paneli natoa humohumo. Siku hizi paneli moja naunga vipande vitatu kwa gundi, na mteja analalamika mlango una mistari. Mninga ndiyo usiseme. Mtiki nao ukivunwa, mnunuzi anatoka mbali na pesa mkononi, mimi naambulia makombo.

Mtama Kwetu: Kwa hiyo unakubaliana na mimi.

Fundi Mbao: Sijasema hivyo. Nimesema sipati mkongo.

Korosho Mzalendo: Panda basi! Sisi tulipanda, hatukukaa kulia.

Mwalimu Mstaafu: Mkongo unaupanda wewe, anauvuna mjukuu. Korosho unaokota mwaka wa tatu. Mwenye ada ya mtoto Januari atachagua upi?

Bi Somoe: Mwalimu, usimtetee. Nataka anijibu: kwa nini mnapuliza bila kupita kwanza kutuambia tuanue nguo?

Korosho Mzalendo: Mashine inaita alfajiri, hujasikia?

Bi Somoe: Ikiita ndiyo imeshafika!