Tunauziwa faili za CD zilizopandishwa sampuli kwa bei ya rekodi za ubora wa juu

Wakuu, heshima kwenu. Nimenunua mtandaoni albamu ya rumba ya Kongo iliyorekodiwa kwa tepu miaka ya 1970, ikitangazwa kuwa ya biti 24 na kilohezi 192 (yaani sauti iliyopimwa mara 192,000 kwa sekunde, na kila kipimo huitwa sampuli), kwa bei inayokaribia maradufu ya toleo la kiwango cha CD. Nilipozifungua faili hizo katika programu ya Audacity na kutazama spektramu, yaani mchoro wa nguvu ya sauti katika kila masafa, nilikuta kila wimbo umekatwa ghafla karibu na kilohezi 22, na juu ya hapo hamna kitu, hata ule mvumo wa tepu ambao kwa kawaida huendelea kupanda na kufifia taratibu. Sampuli za kilohezi 44.1, ambacho ndicho kiwango cha CD, haziwezi kubeba masafa yanayozidi nusu ya kiwango hicho, yaani kilohezi 22.05, kwa hiyo chanzo cha faili hizi kinajulikana: ni toleo la CD lililopitishwa kwenye programu ya kupandisha sampuli, yaani kuongeza idadi yake kwa sekunde, kisha likabandikwa bei mpya.

Nilipolalamika, duka lilinijibu kwamba kupandisha sampuli huifanya DAC, yaani kifaa kinachogeuza namba za faili kuwa umeme wa sauti, itoe sauti bora. Jibu hilo limeniudhi kuliko fedha nilizopoteza, kwa sababu limechukua jambo lenye ukweli ndani yake na kulifanya kichaka cha kujifichia. Sampuli zinazoongezwa hukokotolewa kutokana na zile zilizopo, na hazirudishi hata chembe ya kilichoachwa wakati wa kurekodi. Faida yake ni ya kiufundi: taka zinazozaliwa na ugeuzaji husukumwa mbali juu ya masafa ya muziki, na kichujio cha umeme kinachofuata kinaweza kuwa chepesi. Kazi hiyo DAC nyingi za leo huifanya zenyewe, aghalabu kwa kuzidisha mara 8. Wala si jambo jipya, maana Philips, katika mashine zao za kwanza za CD mwanzoni mwa miaka ya 1980, walitumia chipu ya biti 14 na kuzidisha sampuli mara 4, hadi kilohezi 176.4, ndani ya mashine ileile.

Anayetaka kuifanya kazi hiyo kwenye kompyuta kabla sauti haijafika kwenye DAC anayo SoX, programu ya kuchakata sauti ambayo ni ya bure, na atachagua mwenyewe kichujio, atasikiliza, na asiporidhika atabadilisha. Sibishani naye hata kidogo. Mimi nimeuziwa kichujio cha mtu nisiyemjua, kilichokwisha kuchomekwa ndani ya faili na kisichoweza kuondolewa, tena katika faili ambazo kabla ya kubanwa hula takriban megabaiti 69 kwa dakika badala ya 10 na ushei za CD. Sisi tunaonunua bando tunajua maana ya tofauti hiyo.

Ninachodai ni kwamba kila albamu iuzwe ikiwa imeandikwa wazi tepu ilihamishwa kwa kiwango gani cha sampuli, na iliyopandishwa itajwe kuwa imepandishwa na iuzwe kwa bei ya CD. Fedha zangu nazitaka zirudi zote, kwa kuwa nilicholipia sikupewa. Aliyewahi kurudishiwa na duka la namna hii naomba aeleze alipeleka ushahidi gani, na kama picha za spektramu zilikubaliwa.