Mtambo mmoja unaofanya kazi zote: je, unamfaa mpenzi wa muziki wa dhati?

Msikilizaji wa South B:
Hamjambo wenzangu. Naishi katika nyumba ya kupanga hapa South B, Nairobi, na muziki wangu hupitia vifaa vinne: amplifaya, kigeuzi cha dijitali (kinachogeuza data za muziki kuwa mawimbi ya umeme), kifaa cha kupokea muziki kwa intaneti, na gramafoni ninayochezea hasa santuri za benga nilizonunua Kenyatta Market. Waya zimejaa nyuma ya kabati, na kila ninapocheza santuri nasikia mvumo wa chini usiokatika. Nimevutiwa na mitambo ya hali ya juu inayokusanya kazi hizi ndani ya sanduku moja, kama vile Naim Uniti Atom, NAD M10 na Cambridge Audio Evo 150. Hata hivyo, wakongwe wa fani hii wamekuwa wakisisitiza kwamba sauti bora hupatikana pale kila kazi inapopewa sanduku lake. Je, hoja hiyo ingali na uzito?

Fundi wa Luthuli:
Ndugu, hoja hiyo ilikuwa na msingi. Sindano ya kawaida ya gramafoni hutoa takriban milivolti 5 tu, ilhali kichezea CD hutoa volti 2, kwa hivyo usumaku wa transfoma kubwa iliyo karibu unaweza kuharibu mawimbi hayo madogo kabla hayajakuzwa. Lakini mhandisi anayebuni sanduku zima ndiye anayeamua transfoma ikae wapi na mawimbi yapite njia gani, jambo ambalo mimi na wewe hatuwezi kulifanya tunapounganisha vifaa vya makampuni manne. Mvumo unaousikia huenda unatokana na vifaa kadhaa vilivyounganishwa na ethi, yaani waya wa usalama unaoelekea ardhini, kwa njia zaidi ya moja, hivi kwamba mzunguko wa umeme wetu wa hezi 50 unapenya hadi kwenye spika. Vifaa vikipungua, njia hizo nazo hupungua. Ila kwanza kagua waya wa ethi wa gramafoni yenyewe, kwa sababu ukiwa umelegea, mtambo mpya hautakusaidia.

Kwa kuwa una santuri, tazama pia matundu ya nyuma. Atom na M10 ya kwanza hazina tundu la gramafoni, na utalazimika kununua kikuza mawimbi ya gramafoni cha pembeni, yaani sanduku la pili. Evo 150 inalo. Mdogo wake, Evo 75, hana.

Mpenda Analogi, Ngara:
Naheshimu maelezo ya fundi, lakini kuna jambo ambalo hajaligusa, nalo ni umri. Amplifaya iliyotengenezwa vizuri hudumu miongo kadhaa, tena mafundi wa hapa mjini huifungua na kuibadilishia kapasita, yaani vipuri vya kuhifadhi umeme. Sehemu ya intaneti haina maisha hayo. Google ilizindua Chromecast Audio mwaka 2015, na kufikia 2019 ilikuwa imeacha kuitengeneza. Ukiweka kitu kinachochakaa upesi pamoja na kitu kinachodumu, umekifupisha umri kile kinachodumu. Na siku mtambo huo utakapoharibika, nyumba nzima itakaa kimya hadi urudi kutoka kwa wakala.

Mwalimu wa Fizikia:
Hofu ya ndugu wa Ngara ni ya haki, ila dawa yake ipo: nunua mtambo wenye tundu la kuingizia mawimbi ya analogi, yaani yasiyo ya kidijitali. Programu zake zikizeeka, utachomeka kifaa kipya cha intaneti na amplifaya itaendelea na kazi. Mtambo usio na tundu hilo singeukubali hata ungekuwa mzuri kiasi gani.

Wati zisikutie wasiwasi. Atom hutoa wati 40 kwa kila spika. Spika inayotoa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 87 kwa wati 1 ikipimwa umbali wa mita 1 itafika takriban desibeli 103 ikipewa wati hizo, na majirani wa ploti watakuwa wamegonga mlango kabla hujafika hapo. Pesa inayobaki iweke kwenye spika na kwenye zulia na mapazia mazito, kwa sababu sebule zetu zenye vigae na kuta tupu hurudisha sauti vibaya. M10 ina programu ya Dirac inayopima chumba kwa maikrofoni na kurekebisha sauti, na kwa nyumba ya kupanga, ambako huwezi kubomoa ukuta, huo ni msaada wa kweli.

Mwisho, hakikisha mtambo ni wa volti 240, si wa volti 120 za Marekani, na uuwekee kifaa cha kuulinda dhidi ya stima inayopotea na kurudi kwa nguvu. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akuruhusu uusikilize ukiwa na santuri zako mwenyewe; akikataa, tafuta muuzaji mwingine.